Mayai ya Siku za Dawa

Mwanamke akijifungua mtaani kwetu, mgeni wa kwanza kugonga geti lake, baada ya mama mzazi na mama mkwe, alikuwa Nesi. Alikuja na trei ya mayai aliyoifunika kwa kitambaa cheupe. Aliketi kitandani bila kuombwa, akakitazama kitovu cha mtoto, akambonyeza mzazi tumbo, akauliza habari za choo na mkojo kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, kisha akainuka na kuondoka. Mayai aliyaacha. Sikumbuki mtu aliyejaribu kumlipa.

Wengi hapa Madale wanaweza kusimulia wema wake kwa siku nzima, na watakuwa wanasema kweli. Mimi nina jambo la kuongeza ambalo kwa muda mrefu nisingeweza kuliandika. Binti yangu Neema alijifungua kwa operesheni, kidonda kikakataa dawa, na mwishowe madaktari wakamtoa kizazi. Ana mtoto mmoja na atabaki na huyo huyo. Katika siku zote za kuuguza kile kidonda alikula mayai ya Nesi, asubuhi na jioni. Sisemi kwamba mayai ndiyo yaliyomfanya hivyo. Nitaeleza ninachokijua na nisichokijua. Lakini msomaji ana haki ya kufahamu tangu sasa kwamba ninamkumbuka mwanamke huyu nikiwa na hilo moyoni.

Alikuwa amestaafu uuguzi wa hospitali ya serikali kabla hajajenga kwetu. Hatukumwita kwa jina. Nadhani wengi hawakulijua. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ile saa ya wauguzi inayoning'inia kifuani aliendelea kuivaa hata akienda gengeni kununua kitunguu kimoja. Nyumba yake ilikuwa juu ya mteremko, sisi tuko katikati, na chini kabisa bondeni kuna bustani za mchicha. Mimi ni fundi wa pampu za maji. Pampu inayopandisha maji kutoka kisimani kwake hadi kwenye tangi la kunyweshea kuku niliifunga mimi, na kwa kuwa maji ya kisima kile yana mchanga, kila baada ya muda ilinibidi nipande kuifungua na kuisafisha. Hivyo ndivyo nilivyomjua. Sikuwahi kuwa rafiki yake. Nilikuwa mtu anayefanya kazi karibu naye huku yeye akizungumza.

Aliwapenda watu kwa kuwakaripia. Barazani kwake palikuwa na kiti cha kupimia presha, na wazee waliokuja kupimwa walikaa pale wakiwa wanyonge kama wanafunzi waliochelewa. Mtu aliyekunywa dawa nusu akaacha, Nesi alimchukia kuliko mlevi na mwizi. Siku moja nilikuwa naye mbele ya duka la dawa, tukamkuta dereva mmoja wa bodaboda anatoka na vidonge vya rangi mbili kwenye karatasi iliyokunjwa.

"Vingapi hivyo?"

"Shikamoo Nesi. Vinne tu. Kifua kikiachia, naacha."

"Unaacha? Huyo ni demu wako, kwamba ukimchoka unamuacha?"

Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alimshika yule kijana mkono wa shati, akamrudisha dukani, akamsimamia hadi akanunua dozi kamili, na kwa siku zilizofuata kila alipopita pale kijiweni alisimama na kumuuliza amebakiza vingapi. "Maliza dozi," alimwambia. "Ukiikatisha unawafundisha vijidudu ngumi. Kesho watakupiga wewe, keshokutwa watampiga mtoto wa jirani asiye na habari."

Sijasikia daktari akilieleza jambo hilo vizuri zaidi ya alivyolieleza yeye pale barabarani. Ninaliandika kwa uchungu, kwa sababu linaondoa kisingizio pekee ambacho ningeweza kumpa. Hakuwa mjinga. Alijua.

Nyuma ya nyumba yake lilikuwa banda la kuku wa mayai, mia kadhaa. Mlangoni uliweka miguu kwenye beseni la dawa kabla ya kuingia, na kama viatu vyako havikumridhisha uliingia peku. Yeye alivaa gauni lake jeupe la kazini, lililopauka, na barakoa. Sehemu ya vifaranga aliiita wodi ya watoto. Kuku waliokuwa wakitaga walikuwa wodi ya wazazi. Kona iliyozungushiwa wavu kwa ajili ya wagonjwa ilikuwa aisolesheni. Alizunguka asubuhi na jioni akiwa na saa yake kifuani, akiwatazama macho na kinyesi, na nilimsikia akimwambia kuku, kwa sauti ile ile aliyowatolea wazee wa presha: "Na wewe, mbona jana hukula?" Banda lile lilikuwa safi kuliko vyumba vingi vya kupanga ninavyovijua.

Vifaranga walipofika, maji yao ya kwanza yalikuwa na dawa. Ni ile dawa ya unga inayogeuza maji kuwa ya njano, na wafugaji wengi huku hufanya hivyo hivyo. Wengine walijifunza kwake.

"Mbona hawajaumwa, Nesi?" nilimuuliza, nikiwa nimelala chini ya tangi na spana.

"Ndiyo maana nawapa. Wakishaumwa utakuja kunisaidia kuzika?"

Mvua za vuli zilipoanza, wodi nzima ilikunywa dawa. Baridi ya mwezi wa saba, ilikunywa. Kuku mmoja akipiga chafya, wote walikunywa. Jirani aliwahi kuozesha, spika zikafungwa ukutani mwa Nesi na singeli ikapigwa kutwa mbili mfululizo. Kuku wakagoma kutaga, naye akawakorogea dawa. "Singeli inashusha kinga," alisema, wala hakuwa anatania. Baada ya muda ile ya njano haikufanya kazi tena, akahamia kwenye nyeupe, kisha akachanganya zote mbili, kisha akaanza kuziongezea ile ya maji ambayo muuzaji alimwambia ndiyo kali kuliko zote. "Vijidudu vya siku hizi vina kiburi," alilalamika, kama anayemzungumzia mkwe. Hakujiuliza kiburi hicho vimekitoa wapi. Kwa hesabu yake sheria aliitii barabara: hakuna kuku wake hata mmoja aliyewahi kukatishiwa dozi. Wodi nzima ilimaliza, kila mara, wazima pamoja na wagonjwa.

Bwana mifugo wa kata, kijana mpole anayetembelea pikipiki, alipanda kule mara kadhaa kumshauri apunguze. Nilikuwepo mara moja.

"Mama, hizi dawa si pipi. Mkiwapa hovyo zinazoeleka. Halafu ni zile zile tunazotibiwa sisi watu."

"Unanifundisha mie? Mie nilikuwa nachoma sindano kabla mama yako hajafikiria kukuzaa."

"Najua, shikamoo yako iko palepale. Lakini chanja kwa wakati, tandaza maranda makavu, dawa uiache mpaka nikuandikie."

"Nikusubiri wewe uniandikie? Na hiyo pikipiki yako inayozima kila mlima?"

Kijana alicheka kwa aibu, akanywa chai aliyopewa, akaondoka. Lakini kulikuwa na agizo lake moja ambalo Nesi alilishika kwa nguvu zote, nami nililiona likishikwa. Alimwambia kwamba siku kuku wanapokuwa kwenye dawa, na wiki inayofuata, mayai yasiende sokoni, kwa kuwa dawa inapita ndani yake. Basi siku hizo Nesi alifunga geti. Nilimwona akimkatalia muuza chipsi wa Tegeta aliyepanda mlima wote akihema.

"Bibi, nakaanga mie! Moto unaua kila kitu!"

"Kuku wangu wapo kwenye dozi. Rudi wiki ijayo."

"Wenzio wote wanauza!"

"Basi kanunue kwa wenzangu. Mtu akinipa pesa yake nampa kitu safi. Sina, nimekwambia sina."

Yule muuza chipsi aliteremka akitukana chinichini, nami nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu kwamba mteremko mzima una mfugaji mmoja mwaminifu. Nilidhani mayai ya siku hizo anayafukia. Kuku hawaachi kutaga kwa sababu geti limefungwa, hilo ninalijua kama mtu yeyote. Lakini mtu ukishamwona mwaminifu mahali pamoja humfuati hadi jikoni kwake.

Neema alijifungua hospitali, mtoto wa kike, kwa operesheni kwa kuwa mtoto alikaa vibaya. Mumewe ni dereva wa malori ya mikoani, mara nyingi yuko safarini, kwa hiyo Neema alikuja kulala kwetu ili mama yake amuuguze. Nesi alifika siku hiyo hiyo. Kila asubuhi, baada ya mzunguko wake wa bandani, alioga, akabadili nguo, akaja kumsafisha kidonda. Sijawahi kuona mikono yenye adabu namna ile. Alichemsha vifaa vyake mwenyewe, alivaa glovu mpya, alizungumza na Neema taratibu ili asishituke. Na kila alipokuja aliacha mayai. Mke wangu aliyachemsha kidogo tu, kiini kikiwa laini, kwa sababu Nesi alisema yakikauka yanamfunga mzazi choo.

Kidonda kilianza kutoa maji, kisha usaha, kisha Neema akapata homa. Nesi hakupoteza muda. Yeye ndiye aliyesema tumrudishe hospitali, na kwenye bajaji alikaa naye akimshika. Walimpa dawa moja, homa ikatulia kidogo ikarudi. Wakabadili. Ikarudi. Wakapima usaha, na daktari mmoja kijana akatuita mimi na mke wangu pembeni. Alisema ni vijidudu vya kawaida vya tumboni, vya kila mtu na kila mnyama, ila hivi vimeshazizoea karibu dawa zote anazoweza kuzifikia. Alituuliza kama binti yetu ana mazoea ya kununua dawa na kujitibu mwenyewe.

"Hapana," mke wangu alisema. "Mtaani kwetu hakuna anayethubutu. Tuna nesi mkali."

Daktari aliandika. Zilipopatikana dawa zilizoweza kuviua, uchafu ulikuwa umeshaingia ndani ya kizazi na Neema alikuwa anaweweseka. Wakatuambia kuchagua ni kati ya kizazi na yeye mwenyewe. Mumewe alikubali kwa simu, lori likiwa limesimama pembeni ya barabara. Nilisikia magari yakimpita.

Aliporudi nyumbani, waliojua kilichofanyika walikuwa wanne: Neema, mumewe, mke wangu na mimi. Ni mume mwenyewe aliyeomba iwe hivyo. Mama yake anaishi mtaa huu huu, chini yetu kidogo, na kabla hata mtoto hajatimiza arobaini alikuwa ameshasema kwamba mwanawe wa kiume hawezi kukaa na binti mmoja. "Akijua, ataniozesha mwingine," mume alisema, "na atatuma wajomba. Mie simtaki mwingine. Basi asijue." Kwa wengine wote tulisema Neema amesafishwa kidonda. Na Nesi tulimwambia hivyo hivyo.

Sijui kama aliamini. Mtu aliyekaa wodini maisha yake yote, aliyeuona ule mshono wa pili kwa macho yake, sijui kama hakukisia. Hakuuliza. Alianza tena kuja na mayai.

Pampu yake ilikwama wiki ile, nikapanda. Tangi lilikuwa na maji ya njano. Niliyafungulia yatoke ili nifanye kazi, yakateremka kwenye mfereji wake wa saruji kuelekea bondeni, kwenye mchicha, kama yalivyoteremka siku zote. Nilipomaliza, Nesi alitoka bandani na trei, mayai bado yana joto.

"Mpelekee mgonjwa wangu. Mawili asubuhi, mawili jioni."

Nikatazama tangi. "Si kuku wako kwenye dozi?"

"Wapo."

"Na haya ni ya lini?"

"Ya leo. Kwani nimpe viza?"

"Nesi, si ulisema hayauzwi?"

"Nani anauza?" Alinishangaa kwa dhati. "Baba Neema, mie nimewahi kukuuzia? Kumuuzia mtu ndiyo dhambi, amelipa, ana haki yake. Haya natoa. Nikayatupe chakula kizima, na huku kuna mzazi anakunywa uji mtupu? Hata mie nayala. Nimeyala leo asubuhi."

Nilibaki na trei mkononi. Nilifikiria mitaa yote aliyokwenda, wazazi wote, watoto yatima wa kituo cha kule juu aliokuwa akiwapelekea yakizidi. Kuanzia hapo niliweza kuzipanga zawadi zake kwa kumbukumbu: zilikuja na mvua, na baridi, na singeli. Kuku wake walipokuwa wazima na hawanywi dawa, mayai yalikwenda kwa wenye pesa.

"Lakini dawa imo ndani," nilisema.

"Imo kidogo. Na mzazi mwenye mshono, dawa kidogo itamfanya nini? Itamkinga. Hospitalini dawa hiyo hiyo tuliwapa watoto kwa kijiko. Ungekuwa umesoma ungeelewa."

Nimeishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Nilikwenda kwa bwana mifugo nikamuuliza, nikarudi kwa yule daktari siku ya kliniki ya Neema nikamuuliza na yeye, na nyumbani nikasoma nilichoweza kukipata. Nilichokijua baada ya hapo ni hiki. Yai la siku za dawa linaweza kubeba mabaki ya dawa, na kulichemsha hakuyamalizi yote. Dawa kidogo kidogo inayoingia mwilini bila kutosha kuua ndiyo inayowapa vijidudu nafasi ya kuizoea. Bandani, ambako dawa haikauki, vijidudu sugu ndivyo vinavyobaki, na kutoka bandani vina njia nyingi: ganda la yai, mbolea inayomwagwa kwenye mchicha, maji ya mfereji, viatu. Pia hospitali yenyewe ina vyake. Neema alikula mayai, alikula mchicha wa bondeni, alilala wodini pamoja na wengine. Daktari alisema hakuna mtu duniani atakayeniambia ni njia ipi. Kwa hiyo sina kesi. Nina mashaka tu, yaliyopangika vizuri.

Hata hivyo nilipanda tena kwa Nesi, na mara hii sikuwa na spana. Nilimweleza yote kwa utaratibu, kama nilivyoandika hapa. Nikamwomba jambo moja: mayai ya siku za dawa asiwape watu. Afukie. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, mikono mapajani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa nionyeshe aliyedhurika."

Nilikitazama kile kiti cha presha.

"Miaka yote hii natoa. Nionyeshe mmoja. Huyo Neema wako si ndiye aliyekula kuliko wote? Kidonda kilikataa, akaenda, akasafishwa, akarudi, kafunga. Kanenepa. Nani kamsimamia? Mie. Nikienda kwa mzazi mwingine akaniringia mayai, namwambia, kamuulize Neema."

Alikuwa anatabasamu. Nilikuwa na jibu moja tu duniani la kumpa, nalo halikuwa langu. Nikaaga nikateremka. Mke wangu aliniuliza umemwambia, nikasema nimemwambia, amekataa. Tukaanza kumwaga mayai yake chooni, ili asituone.

Nisimfanye shetani. Mwaka huo huo alikesha na mjane mmoja aliyekuwa anakufa kwa saratani, alimgeuza kitandani na kumwosha hadi mwisho, ndugu wakiwa wamekimbia harufu. Alipoambiwa na wazee wa kanisa lake asimame mbele apongezwe, alisema ana kuku wa kuwalisha. Nimejaribu kuuweka wema huu upande mmoja na yale mengine upande wa pili, na havikai. Vilitoka katika mikono ile ile, saa ile ile ikining'inia. Kinachoniuma zaidi si kwamba alikosea. Ni kwamba alikuwa na dhamiri, akaitumia yote kwa mnunuzi.

Mara ya mwisho nilipozungumza naye ilikuwa Jumapili mchana. Mjukuu wangu alikuwa ameshaanza kutembea, na Neema alikuja kututembelea naye. Tulikuwa barazani. Dada wa mume wake, yaani wifi yake Neema, alikuwa ametolewa hospitali siku iliyotangulia, naye pia kwa operesheni, akiuguzwa nyumbani kwa mama yake, pale chini yetu. Tukamwona Nesi akiteremka na trei, amezeeka kidogo, mguu mmoja ukiburuta. Kule juu maji yalikuwa ya njano. Nilijua kwa sababu asubuhi nilikuwa nimetoka kusafisha pampu.

Neema alimwamkia. Nesi aliitikia, akaweka trei juu ya ukuta wa baraza ili ambebe mtoto.

"Muone huyu! Shavu hilo! Huyu namhesabu ni wangu. Sasa mdogo wake lini? Unangoja nini, mumeo yuko barabarani kila siku, atapata wa kumzalia huko Tunduma!" Alicheka. "Hebu inuka twende kwa wifi yako. Kapiga simu mama mkwe wako, anasema binti hataki mayai, yanamtia kichefuchefu. Njoo umwambie mwenyewe. Wewe ndiye shahidi wangu."

Neema hakuinuka. "Mie siwezi kwenda, Nesi."

"Kwa nini? Mmegombana?"

"Mie walinitoa kizazi."

Aliisema bila kushusha sauti wala kuipandisha. Nesi alibaki amembeba mtoto. Mtoto akaivuta saa, naye hakumzuia.

"Lini?"

"Ile mara ya pili. Hawakunisafisha. Walitoa. Dawa zilikataa, moja baada ya nyingine. Zile zako za bandani zote zilikuwemo kwenye zilizokataa. Baba alimuuliza daktari."

Nesi alinitazama, nami nikatikisa kichwa kukubali. Akamteremsha mtoto polepole, akahakikisha amesimama imara ndipo akamwachia. Usoni nilimwona kama muuguzi anayesoma joto la mgonjwa na kulisoma tena.

"Pole, mama," alisema mwishowe. "Pole sana. Lakini si mayai."

Neema alimvuta mtoto karibu yake.

"Mumeo anajua?"

"Anajua. Mama yake hajui. Wala wifi."

"Basi kwangu haitatoka. Siri ya mgonjwa mie siitoi." Alisema hivyo kwa upole wa kweli, kama mtu anayetoa kitu cha thamani, na nadhani kwake kilikuwa cha thamani. Kisha akachukua trei, akakirekebisha kitambaa, akaendelea kuteremka. Mguu ulimchelewesha. Tulimwona akifika getini kwa mama mkwe wa Neema, tukamsikia akibisha hodi, tukasikia akikaribishwa kwa furaha.

Neema aliinuka. Alimtazama mtoto wake kwa muda, akamwinua na kumweka mapajani kwangu.

"Nishikie, baba."

"Neema. Ukisema pale ndani umeshasema kwa mama mkwe."

"Najua."

Akaingiza miguu kwenye kandambili, akajifunga khanga, akateremka.